Ukisema "maadili" tena nitakuletea ramani

Kila kikao kina mtu wake. Takwimu za vijana wanaouawa zikishaonyeshwa, kabla projekta haijapoa, anainua mkono: "Tatizo ni maadili. Vijana wa siku hizi hawana malezi." Ukumbi unatikisa vichwa, mwenyekiti anashukuru kwa mchango mzuri, na hoja imezikwa hapo hapo. Juzi imetokea tena, na safari hii aliyesema ni daktari mwenzangu, mtu ambaye hawezi hata siku moja kuniambia kuwa kipindupindu kinaletwa na utovu wa nidhamu. Basi ngoja niandike, nikiulizwa tena nitume tu kiungo.

Ya haraka kwanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa vijana 193,000 wa miaka 15 hadi 29 huuawa kila mwaka, yaani takriban asilimia 40 ya mauaji yote duniani. Zaidi ya asilimia 80 yao ni wanaume. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitamka mwaka 1996 kwamba ukatili ni tatizo kubwa la afya ya umma, kwa hiyo anayeuliza "hii si kazi ya polisi?" amechelewa sana. Na hapana, kuliita suala la afya hakumfutii muuaji kosa lake. Mahakama inataka kujua nani kaua. Mimi nataka kujua kwa nini mtaa huu unazika kila mwezi na ule wa pili hauziki.

Sasa hayo maadili. Kwanza hayaendani na hesabu. Mji wa Cali, Colombia, ulikuwa na mauaji 23 kwa kila watu 100,000 mwaka 1983. Mwaka 1991 yalifika 85. Miaka minane! Akina mama wa Cali walisahau kulea wote kwa pamoja? Na hata wangesahau: kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1991 alikuwa na miaka 12 mwaka 1983, sehemu kubwa ya malezi yake imeshapita, tena wakati mji ukiwa bado na afadhali. Malezi hayapandi na kushuka kwa kasi hiyo. Bunduki, pombe, biashara haramu na imani kwa polisi hupanda na kushuka kwa kasi hiyo.

Rodrigo Guerrero, mwanaepidemiolojia (mtaalamu wa jinsi maradhi yanavyosambaa katika jamii) aliyechaguliwa kuwa meya wa Cali mwaka 1992, alifanya jambo la kawaida kabisa kwa fani yetu: alitaka vifo vihesabiwe kwa saa, siku na mahali. Watu walishaamua kwamba ni magenge ya dawa za kulevya tu. Yalikuwepo, lakini vifo vilirundikana usiku wa wikendi, sikukuu, na wikendi za baada ya mishahara, pombe ikiwa karibu. Akapiga marufuku kubeba silaha siku hizo. Tathmini ya baadaye ilikuta mauaji pungufu kwa asilimia 14 katika vipindi vya marufuku. Si muujiza. Lakini hakuna mahubiri ya maadili niliyowahi kuona yakipimwa hata kwa asilimia moja.

Kinachonikera zaidi ni ramani, kwa sababu iko wazi na bado watu hawaitazami. Watafiti Martin Daly na Margo Wilson waligawa Chicago kwa mitaa yake 77 wakalinganisha mauaji na umri wa kuishi wa wanaume. Mtaa mmoja wanaume walitarajiwa kuishi miaka 54 hivi, mwingine 77. Kabla hujasema "ni kwa sababu wanauana tu," walishayaondoa mauaji katika hesabu hiyo. Miaka inayokosekana ni ya moyo, mapafu, ini, ajali, maambukizi. Pale wanaume walipokufa mapema kwa maradhi ya kawaida ndipo na mauaji yalipokuwa juu, kutoka mtaa wenye 1.3 kwa watu 100,000 hadi wenye 156.

Nirudie taratibu kwa ajili ya yule wa kikaoni: moyo na ini havina maadili. Kama mtaa ule ule unaowaua vijana kwa risasi unawaua baba zao kwa presha, basi tafuta kitu ambacho mtaa mzima unakivuta pumzi, si kasoro iliyo ndani ya mtoto wa fulani. Na hapa kuna jambo ambalo halipendezi kulisema. Kijana anayezika wajomba zake wakiwa na miaka 50 hapangi maisha kama anayeona babu akitimiza 80. Kuhatarisha kesho ili upate leo, kwake yeye, si ujinga kama tunavyopenda kudhani.

Upande wa pili, wanaosema chanzo ni pengo la kipato kati ya maskini na tajiri, nao wana kosa lao, na hawa ni marafiki zangu. Wakisikia "pengo la kipato" wanaelewa "njaa": maskini anamuua tajiri ili apate kula. Si hivyo. Chukua fomu ya kawaida ya hospitali ya mtu aliyeuawa, ya aina ninayoisoma kila wiki. Mwanamume, 22. Jumamosi, saa saba usiku. Nje ya baa. Kisu. Jeraha moja kifuani, mawili madogo kwenye kigasha cha kushoto, ya kujikinga. Uhusiano na mshambuliaji: wanafahamiana. Chanzo: "ugomvi". Karani anaishia hapo. Ukibahatika, muuguzi kaongeza kando kwa kalamu nyingine: kamwagiwa bia, akataka aombwe radhi. Mfukoni hakuna kilichoibwa. Mshambuliaji ana miaka 23 na anakaa jirani. Aliyeko mochwari na aliyeko mahabusu wametenganishwa na sentimita mbili za kisu.

"Kuuana kwa ajili ya bia! Huoni ndiyo maadili yenyewe?" Tulia. Bia haikuwa ya wawili, kulikuwa na watu wanatazama. Mwenye ajira, cheti na kadi ya bima hucheka, akajifuta shati akaenda kulala, maana heshima yake kaiweka sehemu nyingine na keshokutwa ataikuta. Asiye na pengine pa kuiweka, anayo pale pale mbele ya macho ya wenzake. Halafu kuna hesabu ya pili: anayeonekana kanywea leo ataporwa simu kesho, na akipiga polisi hawaji. Kuwa mtu wa kuogopwa ndiyo ulinzi pekee unaopatikana bila pesa. Mtafiti wa uhalifu Marvin Wolfgang alipopitia mauaji ya Philadelphia ya miaka ya 1948 hadi 1952, kundi kubwa kuliko yote la vyanzo lilikuwa ugomvi mdogo wa namna hii hii. Vijana wa siku hizi, eti.

Ongeza na hili, ambalo vitabu hulipita mbio: kiwango cha mauaji si kiwango cha ukatili. Jeraha lile lile la kifuani ni mshono na likizo ya wiki mbili pale gari la wagonjwa linapofika haraka na benki ya damu ina akiba. Kwingine ni cheti cha kifo. Tunapolinganisha maeneo, sehemu ya tofauti tunayoiita ukatili ni umbali wa chumba cha upasuaji.

Sasa mashaka yangu. Tafiti nyingi zinazolinganisha nchi zimekuta kuwa kipimo cha Gini, kinachoonyesha ukubwa wa pengo la kipato, kikipanda, mauaji nayo yako juu, na sisi tulizitembeza miaka mingi kama bendera. Mwaka 2011 mtafiti wa uhalifu William Pridemore akaonyesha kwamba nyingi zilisahau kuingiza umaskini wenyewe. Alipouingiza, akitumia vifo vya watoto wachanga kama kiashiria, nguvu ya pengo ikayeyuka. Mjadala haujaisha. Mimi bado naamini pengo lina kazi yake, ila nakiri imani hiyo inatoka kwenye fomu kuliko kwenye regresheni, yaani hesabu za kitakwimu za kulinganisha nchi. Gini ya taifa si kitu ambacho kijana anakiona akitoka nje.

Na mtu wa maadili nimpe haki yake kidogo. Huko Monrovia, Liberia, wanaume 999 waliokuwa kwenye uhalifu waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walipata tiba ya kisaikolojia ya kufikiri na kujizuia, baadhi dola 200, baadhi vyote, wengine hawakupata kitu. Pesa peke yake haikudumu, tiba peke yake ilififia. Waliopata vyote viwili, miaka kumi baadaye, uhalifu na vurugu vyao vilikuwa pungufu kwa nusu hivi. Kujizuia kunafundishika, sawa. Lakini somo lilishika pale palipokuwa na mtaji wa kuanzia.

Kinachonitoa usingizi ni kwamba tulichoweza kukipima vizuri kinagusa saa, silaha na hasira. Meya hufunga baa saa tano usiku kwa sheria ndogo, kama Diadema, Brazil, ilivyofanya mwaka 2002, mauaji yakapungua, ingawa jimbo zima la São Paulo nalo lilikuwa likishuka. Sheria ndogo ya kuziba pengo haipo, na jaribio la kulipunguza kwenye nusu ya mji tukalinganisha na nusu nyingine hakuna atakayelilipia.

Kwa hiyo kwa sasa naomba dogo. Cardiff, nchini Wales, daktari wa upasuaji wa uso na taya, Jonathan Shepherd, aligundua kuwa majeruhi wengi waliofika kwake hawamo kabisa kwenye kumbukumbu za polisi. Wakaanza kuuliza pale mapokezi: wapi hasa, saa ngapi, kwa silaha gani, kisha taarifa zikapelekwa polisi na halmashauri bila majina ya wagonjwa. Waliolazwa kwa kushambuliwa walipungua kuliko katika miji mingine iliyofanana nayo. Ndugu zangu makarani wa mapokezi, "nje ya baa" haitoshi. Andikeni baa gani.