Tairi likiwa la moto, usipunguze upepo

Dereva anaingia gereji yangu Dodoma saa nane mchana akitokea Singida, anaomba apimiwe upepo. Kibandiko cha mlangoni kinasema 32 kwa PSI (kipimo cha presha), tairi likiwa la baridi; geji inasoma 38. "Fundi, punguza hiyo." Mimi sipunguzi, na ubishi unaanzia hapo.

Hakuna aliyeongeza upepo njiani. Ujazo wa tairi haubadiliki sana, kwa hiyo hewa iliyofungiwa humo ikipata joto haina pa kutanukia, na presha inapanda. Mfaransa Guillaume Amontons alishaliona hilo kwenye miaka ya 1700.

Tupige hesabu. Nyuzi za Selsiasi hazifai hapa. Ongeza 273 upate Kelvini, kipimo cha joto kinachoanza kuhesabu kwenye baridi ya mwisho kabisa. Alfajiri tairi lilikuwa na nyuzi 20, yaani 293. Baada ya lami na jua limefika 60, yaani 333. Geji nayo inaonyesha ile ziada tu juu ya presha ya hewa inayotuzunguka. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa hiyo ni kama PSI 13; Dar ni 14.7. (Ndiyo maana tairi lililojazwa 32 Dar likifika huku geji inakaribia 34, hata joto likiwa lilelile.) Basi 32 ya geji, ukijumlisha na hiyo 13 ya hewa ya nje, ni 45. Zidisha kwa 333, gawa kwa 293, unapata 51. Toa 13: 38.

Sasa tuseme nimekutii, nikashusha hadi 32. Kesho alfajiri, tairi likishapoa, utakuta chini ya 27. Tairi legevu linajikunja kila linapozunguka, kuta zake zinapata moto kupita kiasi, na hilo ndilo linalopasuka njiani. Watu wanaogopa upepo mwingi. Mimi naogopa zaidi upepo mdogo.

Hewa inabanwa; vimiminika vina tabia nyingine: havibanwi kirahisi. Mafuta ya breki yanafikisha nguvu ya mguu wako kwenye gurudumu kwa sababu hiyo. Hewa ikiingia kwenye mfumo, pedali inazama, maana nguvu inaishia kubana viputo.

Turudi kwenye tairi: pima upepo asubuhi, gari halijatembea. Na nunua geji yako. Zile za vituo vya mafuta zimeshadondoshwa sakafuni mara nyingi mno.