Muuza Duka Anaposhtakiwa kwa Bidhaa Bandia: Sheria ya Alama za Biashara Inavyomhusu

Bidhaa bandia inapokamatwa sokoni, aliyeitengeneza mara nyingi hapatikani: kiwanda kiko ng'ambo, au ni chumba cha uani ambacho kilikwisha hamishwa. Anayepatikana ni mwenye duka, kwa sababu ana fremu inayojulikana, ana leseni, na mzigo uko mikononi mwake. Ndiyo maana mashauri mengi ya aina hii humfikia yeye, na wengi huyapokea kwa mshangao, wakiamini kwamba kosa ni la aliyetengeneza na kwamba wao walinunua na kuuza tu kama wanavyonunua na kuuza kila kitu. Sheria haioni hivyo, na mfanyabiashara anastahili kulijua hilo kabla ya kuletewa hati ya madai.

Alama ya biashara ni jina, mchoro, muundo wa maandishi au mchanganyiko wa hivyo, unaomwezesha mnunuzi kutambua bidhaa ya mtu mmoja na kuitenga na ya mwingine. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, Sura ya 326, ambayo usajili wake husimamiwa na BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Alama iliyosajiliwa hulindwa kwa miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Kenya hulinda kwa miaka 10 tangu mwanzo. Usajili humpa mwenye alama haki ya peke yake ya kuitumia kwa bidhaa alizozitaja, na mtu mwingine yeyote anayeitumia katika biashara bila ridhaa yake anaweza kushtakiwa kwa madai. Neno "kuitumia" hapa ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Halimhusu aliyechapa nembo peke yake, bali pia aliyeingiza bidhaa nchini, na aliyeitandaza dukani au kuitangaza mtandaoni ili aiuze.

Tuanze na utetezi unaosikika mara nyingi katika maduka ya nguo, viatu na vifaa vya simu: "Mimi simdanganyi mteja; namwambia kabisa kwamba hii ni kopi, orijino ni ile ya bei kubwa." Kauli hiyo inaweza kuwa ya kweli, na mteja anaweza kuondoka ameridhika, lakini haimwondolei muuzaji wajibu. Haki iliyovunjwa si ya mteja pekee. Mwenye alama hakumruhusu yeyote kuweka jina lake juu ya bidhaa ile, na mteja akishatoka na viatu vyake, watu watakaoviona barabarani hawatasikia maelezo yaliyotolewa dukani. Bei ndogo nayo si kinga, na katika shauri la jinai inaweza hata kugeuka ushahidi kwamba muuzaji alijua anachokiuza.

Utetezi wa pili ni wa kutojua. Hapa ni lazima kutenganisha njia mbili ambazo watu huzichanganya. Katika shauri la madai, ambalo mwenye alama hulifungua mwenyewe, kutokujua kwa kawaida hakuzuii mahakama kuamuru muuzaji aache kuuza na kuzikabidhi bidhaa zilizobaki. Mwenye alama anaweza pia kuomba fidia, au badala yake hesabu ya faida ambayo muuzaji aliipata. Katika shauri la jinai, ambalo huendeshwa na dola, hali ya nafsi ya mtuhumiwa huwa na uzito mkubwa zaidi. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki miliki, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1995, unazitaka nchi wanachama ziwe na adhabu za jinai angalau kwa kughushi alama kwa makusudi na kwa kiwango cha kibiashara. Tendo moja linaweza kuzaa mashauri yote mawili, na kumalizana na mwenye alama hakumaanishi kwamba la jinai limekwisha.

Kwa Tanzania Bara, upande huo wa pili uko zaidi chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo wakaguzi wake huongozwa na Tume ya Ushindani, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake cha FCC. Kenya ilitunga sheria mahususi ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008 na kuunda chombo cha kuisimamia. Kifungu cha 35 cha sheria hiyo ya Kenya kinafaa kusomwa na kila mwenye stoo. Anayepatikana na hatia kwa mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini ambayo, kwa kila kipande kimoja, haipungui mara 3 ya bei yake ya rejareja sokoni, au adhabu zote mbili. Akirudia, kifungo hufika miaka 15 na kipimo cha faini hupanda hadi mara 5. Tuseme duka lina jozi 100 za viatu ambavyo jozi moja huuzwa kwa shilingi 3,000 za Kenya: faini ya chini kwa kosa la kwanza ni shilingi 900,000. Hakuna faida ya kopi inayoweza kuufidia mzigo huo.

Sheria za namna hii, ambazo mizizi yake iko katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1887, hazikumwacha muuzaji mwaminifu bila mlango wa kutokea. Utetezi wa kimapokeo una sehemu zinazokwenda pamoja: mtuhumiwa aonyeshe kwamba alichukua tahadhari zote za kawaida, kwamba hakuwa na sababu ya kuishuku alama ile, na kwamba alipoulizwa alitoa taarifa zote alizo nazo kuhusu aliyemuuzia. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayowaangusha wengi. Mfanyabiashara aliyenunua kwa fedha taslimu, bila risiti ya mashine ya kodi (EFD), kutoka kwa mtu anayemjua kwa jina la utani na namba ya simu tu, hana cha kumwonyesha mkaguzi. Hali huwa ngumu zaidi kwa wanaoagiza mizigo kwa kuchangia kontena, kwa kuwa nyaraka za forodha huwa kwa jina la mtu mwingine na maelezo ya shehena huandikwa kwa jumla. Anayeagiza kwa njia hiyo anapaswa kudai ankara yenye jina lake na orodha ya bidhaa zake, na kuzihifadhi hata baada ya mzigo kwisha, kwa sababu madai yanaweza kuja miezi mingi baadaye.

Si kila shauri linahusu nakala kamili. Mara nyingine jina limebadilishwa herufi moja au mbili, huku rangi za kifurushi, mpangilio wa maandishi na umbo la chupa vikibaki vilevile. Mahakama haziziweki bidhaa mbili bega kwa bega na kuhesabu tofauti zake. Hujiuliza kama mnunuzi wa kawaida, mwenye kumbukumbu isiyo kamili ya bidhaa aliyoizoea, anaweza kuchanganyikiwa. Kipimo hiki kina maana kubwa kwetu, ambako mtoto hutumwa dukani kwa maelekezo ya "lete sabuni ile ya karatasi ya kijani" na mama mwenye duka humpa kwa kuangalia rangi. Hata mtu ambaye hakusajili alama yake, ingawa hawezi kudai kwa msingi wa usajili, anaweza kufungua shauri dhidi ya anayeuza bidhaa kana kwamba ni zake, mradi athibitishe kwamba jina lake limejenga sifa sokoni na kwamba wanunuzi wamepotoshwa au wanaweza kupotoshwa.

Mara nyingi shauri la madai hutanguliwa na barua ya wakili inayomtaka muuzaji aache kuuza na ajieleze. Kuipuuza ni hatari, na kuhamisha mzigo usiku ni hatari zaidi, maana kuficha huonekana kama kukiri kwamba alijua. Shauri likifunguliwa, mdai kwa kawaida huomba kwanza amri ya zuio ya muda. Vigezo vyake kwa Tanzania vimetulia tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969, na kwa Kenya tangu lile la Giella dhidi ya Cassman Brown la mwaka 1973. Kwa lugha nyepesi, mahakama hutazama kama kuna hoja nzito ya kuamuliwa, kama mdai atapata hasara ambayo fedha haziwezi kuifidia, na ni nani kati ya wawili hao ataumia zaidi amri ikitolewa au ikinyimwa. Mahakama inaweza pia kumtaka mwombaji aahidi kumlipa mdaiwa fidia iwapo itabainika baadaye kwamba zuio halikustahili. Hii ni kinga halisi kwa muuzaji, na wakili wake asiache kuiomba. Kwa Tanzania, mdaiwa ana siku 21 tangu kupokea wito kuwasilisha utetezi wake wa maandishi. Akizipitisha, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja na hukumu kutolewa.

Sheria hizi nazo zina mipaka, na ni vyema mipaka hiyo ilindwe kwa bidii ileile. Nchini Kenya, watu watatu wanaoishi na VVU walipinga maana ya bidhaa bandia katika sheria ya mwaka 2008, kwa hofu kwamba ilikuwa pana kiasi cha kuweza kukumba dawa halali zinazotengenezwa bila jina la kampuni ya awali na kuuzwa kwa bei nafuu. Tarehe 20 Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba vifungu husika vilitishia haki yao ya uhai, utu na afya chini ya Katiba. Dawa ya aina hiyo haina alama ya mtu iliyoghushiwa. Kuiita bandia ni kosa, na kosa hilo lingegharimu maisha ya watu.

Mpaka mwingine ni wa mahali. Usajili wa BRELA hauvuki bahari kwenda Zanzibar, ambako alama husajiliwa na BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali wa huko, chini ya sheria ya Zanzibar, na usajili wa Nairobi pekee hauna nguvu Dar es Salaam. Vilevile alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma, ambayo katika mfumo wa kimataifa wa Nice ni 45. Kwa hiyo muuzaji aliyepokea barua ya madai ana haki ya kuomba nakala ya cheti, kisha kuhakikisha kwa msajili mambo manne: kwamba alama imesajiliwa katika eneo anakofanyia biashara, kwamba anayedai ndiye mmiliki au mwenye idhini yake, kwamba muda wake haujaisha, na kwamba daraja lililotajwa linaihusu bidhaa iliyoko kwenye rafu yake.