Je, wajua kwa nini shawa ya umeme iliyofaa Dar es Salaam hushindwa Njombe?

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi inapokolea Mbeya, Iringa na hasa Njombe na Makete, shawa ya umeme huanza kutoa maji ya uvuguvugu, na mwenye nyumba hudhani koili, yaani waya wa ndani unaopasha maji, imeungua. Mara nyingi koili ni nzima; kilichobadilika ni maji yanayoingia.

Shawa ya aina hii haihifadhi maji ya moto. Maji hupita kwenye koili kwa muda mfupi sana, hivyo haiwezi kuyafikisha kwenye joto lililopangwa, bali huyaongezea joto juu ya lile yaliloingia nalo. Kupandisha lita moja kwa nyuzi 1 ya Selsiasi katika dakika moja huhitaji takribani wati 70. Kwa hiyo shawa ya wati 5,000, ikipitisha lita 6 kwa dakika, huongeza nyuzi 12 hivi. Maji ya tanki la Dar es Salaam yakiingia na nyuzi 27 yatatoka na 39, joto zuri la kuogea. Maji yaliyolala juu ya mnara wa tanki huko Njombe, mji ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, yakiingia na nyuzi 12 yatatoka na 24 tu.

Dawa ya kwanza haina gharama, nayo ni kupunguza koki. Kwa lita 3 kwa dakika shawa ileile huongeza nyuzi 24, na maji hufika 36. Hapa wengi hukwama, kwa sababu ndani ya shawa kuna mpira mwembamba unaosukumwa na presha ya maji ili uunganishe umeme. Koki ikibanwa mno, mpira haunyanyuki na maji huwa baridi kabisa. Ndiyo maana tanki lililowekwa karibu na usawa wa dari huleta shida hiyohiyo hata koki ikifunguliwa yote, na tiba yake ni kuliinua tanki au kufunga pampu ndogo. Matundu yaliyoziba kwa mchanga nayo yasafishwe.

Sababu nyingine ni umeme mdogo wa jioni. Nguvu ya koili hufuata mraba wa volti: volti 230 zikishuka hadi 190, zile wati 5,000 hubaki 3,400 hivi. Usipime kwa kulinganisha jioni na mchana, maana mchana jua limekwisha kulipasha tanki. Linganisha saa mbili usiku na saa tano usiku, koki ikiwa palepale: saa tano maji ya tanki yamepoa zaidi, kwa hiyo yakitoka ya moto kuliko ya saa mbili, kasoro iko kwenye umeme.

Maji yakibaki baridi kabisa ingawa presha inatosha, hapo ndipo koili na sakiti breka vishukiwe, na kazi hiyo ni ya fundi umeme, swichi kuu ikiwa imezimwa. Akifika, akague pia waya. Shawa hiyo huvuta takribani ampea 22, mzigo usiofaa kuunganishwa kwenye soketi ya ampea 13. Inahitaji waya wake yenyewe kutoka kwenye breka, wa milimita 4 za mraba au zaidi, pamoja na ethi (waya wa kuupeleka ardhini umeme unaovuja) inayofanya kazi.