Lenzi bandia ya jicho: "kuona vizuri zaidi" kunapimwaje?

Katika upasuaji wa mtoto wa jicho, daktari huitoa lenzi ya asili iliyoingia ukungu na kuweka ya bandia mahali pake. Lenzi hizo ni za aina kadhaa na bei zake zinapishana sana, ndiyo maana familia huuliza: ipi inaonesha vizuri zaidi? Swali hilo halijibiki mpaka tuseme kuona mbali au karibu, mchana au usiku, kwa miwani au bila miwani.

Kipimo kinachotajwa zaidi ni chati ya herufi. Mwenye 6/18 husoma akiwa mita 6 herufi ambazo jicho zima huzisoma kutoka mita 18. 6/6 ndiyo kawaida. Lakini chati ina herufi nyeusi tii kwenye ubao mweupe wenye mwanga wa kutosha. Kushuka ngazi za kijivu wakati wa magharibi ni kazi nyingine kabisa, na chati haiipimi.

Lenzi ya kawaida, monofokali, ina kitovu kimoja, yaani huonesha vizuri umbali mmoja tu. Mara nyingi hupangwa kwa kuona mbali, na mgonjwa hutumia miwani kusomea. Multifokali huugawa mwanga, sehemu ikaonesha mbali na sehemu karibu. Tafiti zilizozilinganisha zinakubaliana kwa jambo la msingi: kwenye chati ya mbali hazipishani sana, kwa kusoma bila miwani multifokali hushinda. Gharama yake iko kwenye huo mwanga uliogawanywa. Wenye multifokali hulalamika zaidi kuhusu duara za mwanga kuzunguka taa usiku, na uwezo wao wa kutofautisha vitu vilivyokaribiana rangi hupungua. Kwa dereva wa usiku hilo ni jambo zito, na mwenye glakoma (ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho) au retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) iliyoathiriwa na kisukari kwa kawaida hushauriwa asiitumie.

Ipo pia toriki, ya kurekebisha astigmatizimu, yaani jicho lisilopinda sawasawa pande zote. Hiyo lazima ikae kwenye pembe sahihi: ikizunguka nyuzi 30 tu, faida yake yote imepotea.

Hata hivyo, naona watu wanabishana mno juu ya aina ya lenzi na kusahau kipimo cha jicho kabla ya upasuaji. Daktari Mwingereza Harold Ridley alipoweka lenzi bandia ya kwanza, London mwaka 1949, alichagua plastiki ya akriliki kwa sababu aliona vipande vyake, kutoka kwenye ndege za kivita, vimekaa machoni mwa marubani bila kuleta uvimbe. Plastiki ilikubalika, ila nguvu ya lenzi ilikosewa sana na mgonjwa akabaki haoni mbali bila miwani kali. Leo urefu wa jicho hupimwa kwa mawimbi ya sauti au kwa mwanga, na kosa la milimita 1 tu huleta tofauti ya karibu diopta 2.5 hadi 3 (diopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Kwa hiyo monofokali ya bei nafuu iliyopimwa vizuri humwonesha mtu vizuri kuliko multifokali ya ghali iliyokosewa.

Kisha kuna muda. Matokeo ya wiki ya sita si lazima yawe ya mwaka wa tatu, kwa sababu utando wa nyuma wa kifuko kinachoshika lenzi huweza kuingia ukungu. Wengi hudhani mtoto wa jicho amerudi, lakini harudi, kwa kuwa lenzi ya asili haipo tena. Lenzi zenye kingo za mraba hupunguza tatizo hilo, na likitokea, daktari hutoboa utando huo kwa leza kwa dakika chache, bila kulipasua jicho.