Kisima cha gesi chenye presha kali: tope ndo linatulinda, tuliangalie

Jamani hii kazi ya kuchoronga gesi baharini kwenye miamba yenye presha na joto kali, yaani kuanzia kama paundi 10,000 kwa inchi ya mraba au nyuzi joto 150 za Selsiasi hivi, wengi wanadhani usalama wake ni yale mavalvu makubwa ya kufunga kisima. Hapana, yale ni ya kuokoa mambo yakishaharibika. Kinachoizuia gesi kila dakika ni tope zito tunalolizungusha kisimani, uzito wake ndo unaikandamiza isipande.

Shida sasa, kwenye visima hivi nafasi ya kucheza na uzito huo ni finyu mno, ukipunguza kidogo gesi inaingia, ukizidisha mwamba unapasuka, tope linapotelea huko, kina chake kinashuka na gesi inaingia vilevile. Halafu joto nalo linalitanua tope, na pampu zikizimwa huwa linarudi kidogo kwenye matangi, mtu anasema aah kawaida. Kuna siku ni kawaida kweli. Ila siku nyingine ni gesi inaingia, na lile tope lililochanganywa kwa mafuta badala ya maji linayeyusha gesi ndani yake, gesi inajificha humo mpaka ikaribie juu, hapo ndo inafumuka kwa mpigo na muda wa kujipanga umeisha. Vijana wangu nawaambia kila zamu, tope kwenye matangi likiongezeka hata mapipa machache zima pampu, tazama kama kisima kinatiririka, ukiwa na wasiwasi funga kwanza maswali baadaye, na msimamizi asimfokee mtu kwa kufunga bure.

Na kisima kilichoacha kuzalisha bado hakijalala. Kwenye eneo la gesi la Elgin, Bahari ya Kaskazini upande wa Uingereza, kisima cha G4 cha kampuni ya Total kiliacha kuzalisha 2011, tarehe 25 Machi 2012 kikaanza kuvuja gesi, watu 238 wakaondolewa, na mwenge wa kuchomea gesi ulikuwa bado unawaka pale juu! Hakufa mtu, nashukuru sana. Gesi haikutoka hata kwenye mwamba mkuu wa gesi, ilitoka tabaka la juu yake ambalo halikuwa likizalishwa, ikapitia mabomba yaliyopasuka kwa kutu. Kuidhibiti ilibidi wasukume tope zito tarehe 15 Mei, karibu miezi miwili.

Kwa hiyo zile geji za presha ya nafasi kati ya bomba na bomba, maana mabomba ya kisima yamewekwa moja ndani ya jingine, zisomwe na kuandikwa kila siku, hata kwenye kisima kisichozalisha, na presha ikipanda pasipotarajiwa mtafute ilikotoka kabla ya kuitoa.