Mguu Mmoja Umevimba? Weka Rola Chini: Maswali na Majibu Kuhusu Kuchua Misuli Baada ya Mazoezi

Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Moshi. Siku hizi rola ya mkono imeenea kila mahali: jimu, kwenye vikundi vya kukimbia alfajiri, ndani ya mabegi ya wapagazi wa mlimani, hata kwenye droo za ofisini. Kifaa chenyewe si kibaya. Kinachonikera ni kuona watu wanakitumia kujichelewesha kufika hospitali. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa mara kwa mara.

Rola ya kuchulia ni nini?

Ni kijiti chenye mishikio miwili, na katikati kina magurudumu madogo yanayozunguka ukikipitisha juu ya msuli. Ipo ya plastiki, ya mpira na ya mbao. Kama nyumbani una mti wa kusukumia chapati ulio laini, huo nao unatosha, huna haja ya kutumia hela.

Kwa nini misuli haiumi siku ya mazoezi, inakuja kuuma kesho yake?

Maumivu haya huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya mazoezi, hukolea siku ya pili au ya tatu, na ndani ya wiki huwa yameisha. Chanzo chake ni nyuzi ndogondogo za msuli kuchubuka, hasa pale msuli unapofanya kazi huku unavutwa. Ndivyo paja linavyofanya linapokuzuia usiporomoke kwenye mteremko. Mtu akikimbia kilomita 21 za mbio za Moshi, anapanda kuelekea Mweka kisha anashuka. Kesho yake atakuambia mlima ulimuua, lakini mapaja yanayomuuma ni ya kushuka. Wapagazi wanaoteremka na mizigo hadi lango la Mweka wanalijua hilo vizuri kuliko mimi.

Wengi wanasema ni asidi imejaa kwenye misuli. Si kweli. Asidi ya laktiki huondoka ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika, kwa hiyo kesho yake rola haina asidi yoyote ya kukamua.

Basi rola inasaidia nini?

Inapunguza maumivu kiasi na kulegeza mkazo kwa muda, ukaweza kuchuchumaa au kushuka ngazi bila kushika ukuta. Nyuzi zilizochubuka haiziponyi haraka; hizo zinahitaji usingizi, chakula, maji na muda. Kutembea taratibu nako kunasaidia. Na ukizoesha miguu kushuka miteremko kidogokidogo wiki kadhaa kabla ya mbio, maumivu ya safari ijayo yanakuwa madogo sana.

Nichueje?

Kaa kwenye stuli, kanyaga sakafu kwa unyayo wote, legeza mguu mpaka ukikitikisa kigimbi kwa mkono kinacheza. Msuli uliokazwa hauchuki. Shika rola kwa mikono miwili, anza juu kidogo ya kifundo cha mguu, panda taratibu ukielekea goti, ukome kabla ya kufika nyuma ya goti. Nusu dakika hadi dakika moja kwa kila sehemu inatosha, mara moja au mbili kwa siku. Kama 10 ni maumivu ya kukutoa machozi, wewe baki kwenye 5 au 6. Endelea kupumua kama kawaida.

Wengine wanakuja na miguu imevilia damu, wanasema kwa fahari kwamba walichua "mpaka ndani". Ngozi kuvilia damu maana yake umejiumiza. Punguza nguvu.

Ni sehemu zipi nisipitishe rola?

Mfupa wa ugoko, goti na nyuma yake, kinena, mbele ya shingo, uti wa mgongo. Usipite juu ya kidonda, upele au mishipa iliyotutumka miguuni. Msuli uliochanika ghafla, ule uliousikia ukikatika katikati ya mbio, usiguswe na rola siku 2 au 3 za mwanzo. Ukiuchua unaongeza damu inayovujia ndani. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aongee kwanza na daktari wake. Na kama ugoko unauma sehemu moja tu, ukiibonyeza kwa kidole unaruka, acha kukimbia ukapimwe. Huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Daktari, kigimbi kimoja kimevimba na kinauma. Nichue kwanza nione kama kitashuka?

Hapana. Usichue. Usikande kwa maji ya moto, usipake dawa ya kuchua, usimwambie mtu akusaidie kuchua. Nenda hospitali leo.

Kijana mmoja alikuja kwangu baada ya mbio za mwisho wa Februari. Alikimbia Jumapili, Jumatatu akapanda basi kwenda Dar es Salaam, akarudi baada ya siku mbili. Alipokaa kitandani niliona suruali imembana kwenye kigimbi cha kulia, ya kushoto inapwaya. Nilibonyeza juu ya ugoko kwa kidole gumba, nikaachia, na shimo likabaki palepale. Nyuma ya mguu kulikuwa na alama za rola zilizopangana kama ngazi, kwa sababu alikuwa amechua kila asubuhi na kila usiku, na kila ulipozidi kuuma ndivyo alivyozidisha nguvu. Alikuja kuniomba nimchue vizuri zaidi. Nilimpeleka akapigwe altrasaundi, wakakuta damu imeganda kwenye mshipa mkubwa wa ndani ya mguu.

Hatari ya kuchua ni hii: bonge la damu likikaa ndani ya mshipa wa mguu linaweza kumeguka, likasafiri na damu mpaka kwenye moyo, likasukumwa na kuziba mshipa wa pafu. Mtu anaweza kufa kwa dakika chache. Kulibonyeza na kulisugua ni kujiongezea hatari hiyo kwa mikono yako mwenyewe.

Nitajuaje kama ni maumivu ya mazoezi au ni damu imeganda?

Maumivu ya mazoezi kwa kawaida huwa kwenye miguu yote miwili, maana umekimbia kwa miwili. Yanapungua kila siku inayopita, na ukitembea kidogo unapata nafuu. Damu iliyoganda kwa kawaida huwa mguu mmoja: umevimba, una joto kuliko mwenzake, unauma hata ukitulia, na siku zinavyokwenda hauboreki. Vitabu vinasema ngozi inakuwa nyekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Angalia kama ngozi imevutika na kung'aa, au imekuwa nyeusi zaidi ya upande wa pili.

Ukiwa na futi ya fundi cherehani, pima vigimbi vyote viwili, sentimita 10 chini ya ile nundu ya mfupa iliyo chini ya goti. Tofauti inayozidi sentimita 3 ni dalili ambayo daktari ataichukulia kwa uzito. Lakini nakuomba usije ukakaa nyumbani kwa sababu futi imesoma 2. Mguu mmoja ukivimba bila sababu unayoijua, unakwenda hospitali, uwe umepima au hujapima.

Mimi ni kijana na nafanya mazoezi kila siku. Damu itagandaje?

Inaganda. Umekimbia juani, umetoka jasho, maji hukunywa ya kutosha, kesho yake unakaa kwenye basi kwa muda wa saa kumi magoti yamekunjwa. Hatari inazidi ukiwa na mojawapo ya haya: vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, au upasuaji wa karibuni, au mguu uliokuwa umefungwa P.O.P (plasta ngumu ya mfupa uliovunjika), au umejifungua ndani ya wiki 6 zilizopita, au kuna mtu wa damu yako aliyewahi kupata tatizo hili. Ujana unapunguza uwezekano, hauuondoi. Tena vijana wa mazoezi ndio wanaochelewa zaidi, kwa kuwa kila kinachouma wanasema ni msuli.

Nimeshachua siku mbili, na leo maumivu yamepungua. Bado niende?

Uvimbe upo? Nenda. Maumivu kupungua si ushahidi kwamba bonge limeyeyuka. Mweleze daktari wazi kwamba ulichua, hakuna atakayekugombeza, na kuanzia sasa usiuguse tena.

Mtaani kwetu kuna mama anachua, amesaidia watu wengi. Yeye si anaweza kutofautisha?

Namheshimu mama huyo, na kwa mgongo uliokaza au mapaja yaliyochoka ana msaada wake. Lakini mshipa wenyewe uko ndani, chini ya misuli, na mkono hauwezi kuona bonge la damu. Mkono wangu pia hauwezi, pamoja na kusomea. Altrasaundi ndiyo inayoona. Kwa hiyo jibu ni lilelile: mguu mmoja uliovimba hauchuliwi na mama wa mtaani, hauchuliwi na mkufunzi wa jimu, na mimi ukiniletea siuchui.

Hospitali watanifanya nini? Naogopa kukatwa mguu.

Hofu hii nimeisikia sana, na ndiyo inayowafungia watu ndani. Watakuuliza maswali, watakupima, watakupiga altrasaundi ya mguu, kipimo kisichouma. Wakikuta damu imeganda, utaanzishiwa sindano au vidonge vya kuzuia isiendelee kuganda, na dawa utazitumia kwa miezi 3 au zaidi. Wengi wanarudi kwenye shughuli zao, na kukimbia pia. Kwa Moshi nenda KCMC au Mawenzi, kwa Arusha nenda Mount Meru, au kituo kingine cha karibu chenye altrasaundi. Mapokezi usiseme tu "naumwa mguu", maana utawekwa nyuma ya foleni ndefu. Sema: "Mguu mmoja umevimba ghafla, naogopa damu imeganda."

Ni wakati gani nisisubiri hata kidogo?

Pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma unapovuta hewa, moyo ukienda mbio umekaa tu, ukikohoa damu au ukizimia. Hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usipande bodaboda peke yako, tafuta gari na mtu wa kukushika.

Nikimeza diklofenaki nikaendelea kuchua?

Hii tabia ya kupita duka la dawa na kununua diklofenaki kila baada ya mazoezi ingekoma ningefurahi sana. Mwili uliopungukiwa maji ukiongezewa dawa hizi unaumiza figo, na tumbo tupu linaumia pia. Wengine wanazimeza kabla hata ya kuanza kukimbia, ili wasisikie maumivu. Baya zaidi, dawa inazima maumivu ya mguu unaovimba, mtu anajiona amepona, anapoteza siku tatu. Kwa maumivu ya kawaida ya misuli pumzika, kunywa maji, tembea; ukishindwa kabisa, parasetamoli kwa kipimo chake inatosha.

Baada ya mazoezi makali mkojo wangu umekuwa kahawia iliyokolea. Ni uchovu?

Si uchovu. Huenda misuli imeharibika kiasi cha kumwaga protini zake kwenye damu, na figo zinaelemewa. Hospitali siku hiyohiyo. Hapa rola haina kazi yoyote.

Mama yangu ana miguu inayovimba yote miwili. Nimemnunulia rola, ni sawa?

Nia yako ni njema, lakini mpeleke kwanza akapimwe presha, moyo, figo na sukari. Rola haitibu uvimbe huo. Kama ana kisukari na miguu imekufa ganzi, hatajua anapojiumiza.

Tunatumia rola moja jimu nzima. Kuna shida?

Fangasi wa ngozi. Ioshe kwa sabuni, ikauke, ndipo mwingine aitumie.

Nakimbia mbio za Moshi Jumapili, kesho yake narudi Dar kwa basi. Nifanye nini?

Ukiweza, pumzika siku moja kabla ya safari. Kunywa maji mpaka mkojo uwe mweupe, na uendelee kunywa njiani. Najua wengi wanajinyima maji ili wasisumbuke kuomba gari lisimame, heri kuomba. Chukua kiti cha upande wa njia unyooshe mguu. Kila nusu saa nyanyua visigino na ushushe, mara 20, mpaka usikie vigimbi vinafanya kazi. Gari likisimama abiria wale, Korogwe au penginepo, shuka utembee, usilale kwenye kiti. Usivae soksi zinazokata chini ya goti. Mjamzito, aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji au aliyewahi kuganda damu aongee na daktari kabla ya kukata tiketi, kwa sababu yeye huenda akahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda safarini.