Mise, mawese na mafuta ya mgando: ngozi "haizibwi" hivyo

Kuanzia Ujiji hadi Mwanga, mjini Kigoma, utaambiwa: achana na mafuta ya mgando, yanatokana na petroli na yanaziba ngozi isipumue, paka mise (mafuta ya kiini cha mbegu ya mchikichi), ya asili, yanaipa ngozi maji.

Ngozi haivuti pumzi kama mapafu. Na hakuna mafuta yenye maji ya kutoa, yawe ya mise, nazi au alizeti. Kazi yake kubwa ni kuzuia maji yaliyomo yasipotee, na kwa hilo mafuta ya mgando yaliyosafishwa vizuri huyashinda yote ya mimea. Ndiyo maana hufaa magaga.

Kinachovuta maji ni gliserini. Jambo la kufurahisha ni kwamba wapika sabuni wa Kigoma huizalisha kila wanapochanganya mise na kostiki soda. Kwenye sabuni ya nyumbani hubaki humohumo. Viwanda vikubwa mara nyingi huitoa na kuiuza kando.

Mise yenyewe si mabaya. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki (aina ya asidi ya mafuta), kama nazi, na sabuni yake hutoa povu jingi. Hulainisha vizuri mikono na miguu, ila mwenye chunusi asiyapake usoni.

Mawese ni habari nyingine. Wekundu wake ni karotini (rangi ya asili iliyomo pia kwenye karoti), hutia doa shuka (wenyeji wanajua), na haukingi jua vya kutosha. Mwenye ualbino hasa asiyategemee: atumie losheni ya kukinga jua, kofia pana na mikono mirefu.

Mafuta yoyote uliyonayo, yapake mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu.